Msitu Ulioezekwa Mabati

Studio ya vipindi vya shule
4 Februari

Mwanangu Kindi,

Naandika jina hilo nikijua una ndevu na cheo. Nilikupa mimi mwenyewe, siku tuliyokukuta juu ya paa la jirani, una miaka mitano, unakula mkate wake na hujui utashukaje. Kwa hiyo usitegemee nitalibadilisha leo kwa sababu umekuwa mtu wa kupima miti na kulipwa mshahara.

Huku wote wazima. Sitaandika kwamba hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Barua zote huanza hivyo, lakini safari hii nikiandika nitakuwa nasema kweli, na mimi sipendi kukuanza na neno zito. Mama yako goti linamsumbua asubuhi tu. Mchana anazunguka mtaa mzima akimweleza kila mtu kwamba goti halimruhusu kwenda popote. Binti yangu ameolewa kama ulivyosikia, na chumba cha nyuma nimekijaza vitabu.

Pole tena kwa kufiwa na mwenzako Ngazi. Mwaka unakaribia kwisha tangu mti ule umwangukie mkiwa kazini, na kila nikikupigia simu unanieleza habari za mvua. Nimesema pole, basi. Ukitaka kujibu utajibu.

Sasa shida yangu. Unajua tangu nistaafu chaki nimekuwa mwalimu asiyeonekana. Nafundisha sayansi darasa la nne kwa redio, kwa shule zile za mbali ambako mwalimu mmoja ana madarasa matatu. Mwaka huu nimepewa msitu wa mvua. Wanafunzi wangu wengi wanaishi kwenye ukame. Mti mkubwa wanaoujua ni ule wa kivuli cha shule, na kitabu kinataka niwaambie kwamba kuna mahali miti imesongamana hadi jua halifiki chini. Tena kuna neno bioanuwai. Nimelitamka studio, fundi mitambo akaniuliza kama nina pipi mdomoni.

Watoto hawa hawatauona msitu. Wana masikio tu. Nataka uwarekodie sauti: chini kwenye majani yaliyooza, katikati, mpaka huko juu kabisa matawi yanakoshikana. Kipindi cha mwisho cha somo hili kitahusu huko juu, paa la msitu, nawe ndiye uliyekuwa ukipanda huko na kamba zako. Intaneti yenu haipitishi hata salamu, kwa hiyo weka kwenye memori kadi, uitie ndani ya barua, umpe dereva wa gari la mahitaji.

Usiniambie una kazi nyingi. Nimekulea, najua sura yako ukidanganya, na sura hiyo naiona hata kwenye mwandiko.

Shangazi yako

*

Kituoni
1 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa na alama ya tope la kiatu cha dereva, lakini maneno yote yamesomeka, hata yale ambayo ningependa yafutike. Naomba utakapowataja watafiti wa kituo hiki redioni useme jina langu lile la shule. Hapa wananiheshimu kidogo, tusiwaharibie.

Nimefurahi kusikia Mama anazunguka. Mimi mzima. Mvua inanyesha.

Kuhusu bioanuwai, usiwape neno hilo siku ya kwanza, utawafukuza. Waambie msitu ni mtaa wa watu wengi, na hakuna anayekula peke yake. Kuna mkuyu mmoja nyuma ya kituo. Ukizaa, mbega wanakuja juu, wanakula kwa fujo, nusu wanaangusha. Chini kuna swala wadogo ambao hawajui kupanda, wanasubiri kilichoanguka. Mbegu inayopita tumboni mwa ndege inaota maili mbili mbele. Siafu wakipita, wadudu wote wanakimbia, na kuna ndege wanaofuata msafara wa siafu kwa ajili ya hao wanaokimbia tu, wao wenyewe hawawagusi siafu. Waulize watoto: mkuyu ukikatwa, nani analala njaa? Waache wabishane.

Kwenye kadi nimekuwekea mbega wa asubuhi, ambao watoto watadhani ni pikipiki inayokataa kuwaka. Nimeweka vyura, na hondohondo akipita. Mabawa yake yanasikika kabla hujamwona, utadhani mtu anakung'uta mkeka. Mwisho nimeweka mvua ya msituni, ndefu, maana bila hiyo hamna somo.

Msalimie Mama, na umsalimie fundi mwenye mambo ya pipi.

Mwanao

*

Studio
29 Machi

Kindi,

Marahaba. Mama yako amesikiliza kipindi cha kwanza akiwa amekumbatia redio. Jirani alipoongea, akamfukuza. Sauti si yako, ni ya mbega, lakini kwake ni yako.

Watoto wameandika. Barua zao huja kwa mafungu, mwalimu wao anazikusanya na kuzituma zote kwenye bahasha moja, na mimi huzisoma na fundi tukinywa chai. Wameipenda hadithi ya swala wanaosubiri kuangushiwa. Mmoja ameuliza kama mbega wanaangusha kwa makusudi, kwa huruma. Nimemjibu kwamba ni ulafi tu, lakini ulafi wa mmoja umekuwa chakula cha mwingine, na mtaani kwetu pia mambo huwa hivyo.

Sasa nikueleze la shule moja. Watoto hawa wamechora msitu ulioezekwa mabati. Miti, mbega, vyura, na juu ya vyote paa kubwa la bati lenye misumari, msumari mmoja mmoja umechorwa. Chini wameandika: "Mwalimu, msitu wote huo umeezekwa na nani?" Mwalimu wao ameongeza maneno yake pembeni. Anasema huko kwao mvua ni adimu, lakini ikinyesha darasa linasimama, kelele za bati hazimruhusu mtu kufundisha. Watoto wanangoja sauti hiyo mwaka mzima. Hawawezi kuikosea.

Nilicheka mpaka fundi akaja kuangalia nina nini. Njia ya mwongo ni fupi, nikasema, nitamtania Kindi mpaka azeeke. Kisha nilivaa vile vya masikioni nikairudia kadi yako yote nikiwa peke yangu. Mlango unafungwa. Mtu anakoroga chai. Vyura wako wako mbali, na mbega wako ng'ambo ya kitu fulani, labda uwanja. Sikucheka tena.

Nakuuliza kama mwalimu anavyomuuliza mwanafunzi, jibu lolote litapokelewa: ulikuwa umekaa wapi?

Shangazi yako

*

Kituoni
14 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu gari la mahitaji liliharibika. Liliharibika kweli, unaweza kuwauliza.

Nilikuwa nimekaa barazani. Kinasa sauti ni cha kituo na hakitakiwi kulowa. Tena kuna kanuni hapa, haingii mtu msituni peke yake, lazima muwe wawili, na mimi kwa sasa sina mwenzangu. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Kwenye kadi hii nimekuwekea ndege wa alfajiri. Nimehakikisha hakuna bati wala kijiko. Kwa kipindi cha mwisho, cha paa la msitu, naomba utumie kitabu. Vitabu navyo viliandikwa na watu waliofika huko.

Mama alikande goti kwa maji ya moto.

Mwanao

*

Studio
25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Huku salama, isipokuwa mama yako alikuja studio jana akiwa amevaa ndala za rangi mbili, na wewe unajua mama yako hata kwenda kutupa taka hujipamba. Mkuu wa kituo chenu amempigia simu. Alitaka kujua kama nyumbani kuna tatizo.

Kwa hiyo nimesikia. Umeletewa wenzako wawili kwa nyakati mbalimbali, na wote umewakataa. Wa kwanza ulisema anatembea kwa kishindo. Wa pili ulisema ana maneno mengi. Kindi, huchagui mke. Huyo ni mtu wa kushika upande wa pili wa kamba ya kupimia.

Mama yako ameniomba nikuandikie urudi nyumbani. Wifi yangu hajawahi kuniomba kitu kwa unyenyekevu namna ile, na nimeshindwa kumkatalia. Basi naandika: rudi nyumbani. Deni lake nimelimaliza, sasa nasema yangu.

Mimi nilikuagiza sauti za msitu nikijua kilichokupata huko. Niliona ni kazi ndogo, na pengine niliona itakuchangamsha, maana watu wazima tuna tabia ya kuwapa wenye majonzi shughuli za kufanya. Sasa sikutumi tena. Fundi amenionyesha mvua anayoitengeneza kwa mchele na ungo, na ni mvua nzuri, haina bati. Kipindi cha mwisho tutakifanya hivyo.

Lakini nisikilize. Ukitaka kuacha kazi, acha kama watu wanavyoacha kazi. Funga sanduku, aga, njoo. Chumba cha nyuma kipo, vitabu nitavihamisha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hakuna mwenye haki ya kumcheka. Ila wewe umejenga nyumba katikati ya unyasi wenyewe, unakaa mlangoni kutwa ukiusikiliza unavyotikisika. Hufanyi kazi na hujaacha kazi. Hali hiyo ndiyo inayonitisha, kuliko mti wowote.

Sihitaji jibu refu. Nahitaji jibu.

Shangazi yako anayekupenda, hata kama hasemi kila mara

*

Kituoni
3 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Naomba radhi kwa kimya hiki. Gari la mahitaji lilikuwa zima wakati wote. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara imeishia kwenye shikamoo.

Nasikia Mama anaendelea vizuri na kwamba anamtafutia mchumba dereva wa gari letu. Dereva mwenyewe ndiye aliyeniambia, ana wasiwasi.

Nikueleze jinsi tunavyofanya kazi, kwa sababu sijawahi kumweleza mtu wa nyumbani. Tunaingia wawili. Mmoja anapima unene wa mti, mwingine anaandika na kutafuta mti unaofuata. Majani ya chini ni mengi kiasi kwamba mwenzako akisogea kidogo humwoni. Anaweza kuwa karibu nawe kama mtu wa chumba cha pili na usione hata rangi ya shati. Kwa hiyo tunaitana. Mmoja anasema "Upo?", mwingine anasema "Nipo", halafu kazi inaendelea. Asipoitika haraka unaacha kila kitu unamfuata. Mimi na Ngazi tulikuwa tumeitana hivyo miaka mingi mpaka ikawa tabia. Hata kwenye foleni ya chakula. Hata usiku, mmoja wetu akigeuka kitandani.

Siku ile hapakuwa na upepo. Watu hudhani miti huanguka kwa upepo, lakini mvua ikinyesha sana udongo unalegea na mti mkubwa unaweza kuamua tu, kukiwa shwari. Nilimwita, akaitika. Kisha nikasikia mlio huko juu, mrefu, na kila kitu kikashuka. Nikamwita. Nilikuwa namwita nikikata majani, na nilipofika na kumwona niliendelea kumwita, Shangazi. Sikunyamaza mpaka wenzetu wa kambi ya pili walipokuja kunishika.

Wale niliowakataa hawana kosa. Mwenye kishindo anatembea vizuri tu. Kilichonishinda ni kumwita mtu halafu kungoja aitike. Ule muda katikati, mdogo kama kumeza mate, siuwezi. Kukaa barazani kulikuwa rahisi kwa sababu msitu hauitikii mtu yeyote, na mimi sikuwa nauita.

Barua yako ya unyasi niliibeba mfukoni hadi ikachanika. Juzi nikaingia, peke yangu, kinyume cha kanuni. Sikumuaga mtu. Nilikwenda mpaka kwenye mti ule.

Nilitegemea kuukuta umekufa. Umejaa, Shangazi. Uyoga umepanga mstari upande wote wa kivuli. Kangaga zimeota juu ya gome. Ukiweka sikio unasikia mbawakawa wanatafuna ndani, na mchwa wamejenga njia zao za udongo kutoka mizizini. Juu kuna tundu kubwa ambapo jua linaingia, jambo ambalo mahali pale halijatokea pengine kwa miaka mia, na miche iliyokuwa imedumaa gizani yote imenyanyuka kwa pamoja, inagombania. Mbega walikuwa na njia yao kwenye matawi ya mti ule. Sasa wanafika ukingoni, wanapiga kelele, wanaruka. Wamejifunza kuruka.

Nilikasirika. Nakwambia kweli, nilikaa juu ya gogo nikakasirika kwamba viumbe vyote hivyo vinashiba pale. Halafu nikawasha kinasa sauti nikaanza kuwaeleza wanafunzi wako, nikitaja kila kinachokula na kinacholiwa, kwa sababu nisingefanya hivyo ningeanza kuupiga teke mti. Na mvua ikaja. Humo ndani mvua husikika juu kwanza, kwenye paa la msitu, muda mrefu kabla tone halijafika chini. Nimeirekodi yote.

Katikati ya maelezo kuna mahali mdomo wangu uliita wenyewe. "Upo?" Sikukusudia. Baada yake kuna kimya kirefu, na baada ya kimya nimeendelea na jongoo. Hapo ukate, tafadhali. Mengine tumia.

Mkuu wa kituo aliniona nikitoka. Hakugomba, ingawa alikuwa na haki. Amesema mwisho wa Septemba nichague, nichukue mwenzangu na kurudi kazini, au nikabidhi vifaa. Nimemwambia nitakabidhi. Mwambie Mama narudi. Na vitabu usihangaike navyo, nitavihamisha mimi.

Mwanao

*

Nyumbani
12 Septemba

Kindi mwanangu,

Marahaba, na kaa kitako kabla hujaendelea.

Mama yako yuko nyumbani na yuko salama, naanza na hilo ili usirukie mistari. Siku barua yako ilipofika nilimsomea sehemu ya kurudi, akafurahi kupita kiasi, akaenda mwenyewe kufagia chumba cha nyuma, akateleza. Goti lile lile. Tumekaa hospitali siku kadhaa, mimi kwenye kiti, yeye kitandani akiwapa wauguzi amri. Sasa ana fimbo, na mtaa mzima umeshaelezwa.

Hilo la hospitali ndilo lililoleta nitakalokuambia. Kadi yako nilikuwa nimempa fundi ainakili, nikamwambia kesho nitakuja tukate pamoja. Kesho hiyo nikawa hospitali. Nilimpigia simu, nikamuuliza, "Umeshakata?" Akasema, "Nimepanga kila kitu, mwalimu, kimekaa vizuri." Nikaridhika.

Siku ya kipindi sikuwa studio. Shule ile iliyochora mabati ilinialika siku nyingi, na mama yako alinifukuza hospitali akisema namchosha kwa kumtazama. Miaka yote hii ya redio sijawahi kukaa darasani kipindi kikisikika. Nilikaa nyuma, kwenye dawati la mtoto, magoti kidevuni. Mwalimu wao aliweka redio juu ya meza, ndani ya sufuria tupu ili sauti iwe kubwa. Watoto walikuwa wamebanana mpaka mlangoni.

Ulianza kusema. Kindi, sikujua kwamba unajua kufundisha. Ulipofika kwenye mbawakawa wanaotafuna ndani ya gogo, watoto watatu walilaza masikio kwenye dawati wasikilize. Mvua ikaanza juu. Waliinua macho wote, wanatazama dari, wanangoja ifike chini.

Halafu nikasikia: "Upo?"

Inabidi nikueleze kitu kuhusu vipindi vyetu. Redio haimsikii mwanafunzi, kwa hiyo sisi huuliza swali, kisha tunaacha kimya, ili watoto wajibu kwa sauti huko waliko. Fundi ameyafanya hayo miaka mingi. Aliposikia sauti ya mwalimu ikiuliza na kimya kikifuata, akaona ni swali la darasa kama mengine. Hakukata. Alikisafisha kile kimya, akakiacha kirefu vizuri, wapate nafasi.

Mimi nilisimama niende kuizima. Nilijikwaa kwenye mguu wa dawati, na kabla sijafika, darasa zima likasema, "Nipo."

Hawakupiga kelele. Walijibu kama wanavyojibu jina likiitwa asubuhi. Mmoja aliyekuwa amesinzia karibu na dirisha alichelewa, akasema "Nipo" peke yake wenzake wakiwa wameshamaliza, wakamcheka. Na wewe, huko redioni, ukavuta pumzi, ukasema, "Haya, sasa tumwangalie jongoo." Kama mtu aliyesikia.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha shule, mtu mzima na mkoba wangu.

Uliniomba nikate na hakikukatwa. Sauti ile ilikuwa yako, na kwenda nayo hewani bila wewe kuridhia ni kosa. Si la fundi, ni langu, nilipaswa kwenda mwenyewe. Ukinikasirikia nitavumilia. Lakini shule zilizosikiliza asubuhi ile ni nyingi na ziko mbali mbali, na nina hakika zote zilifanya vile vile, maana ndivyo tulivyowazoesha. Nisingeweza kukuficha.

Chumba kimefagiliwa. Ukija, njoo. Sikuambii chochote cha kufanya, na unajua hilo kwangu ni gumu kiasi gani.

Shangazi yako

*

Kituoni
8 Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Mama apewe pole ya goti na aambiwe asifagie tena. Nitakuja Desemba, kwa likizo, nikiwa na mfuko mmoja tu wa nguo.

Nilikasirika, kama ulivyosema. Barua yako niliitia chini ya godoro na nikawa sitaki hata kumwona dereva. Neno lile lilikuwa letu wawili, mimi na Ngazi, na sikupenda lilivyozungushwa nchi nzima kwa watu wasiomjua. Hata sasa sijalikubali jambo hilo kikamilifu. Lakini usiku nilikuwa nikimfikiria yule aliyesinzia, aliyeitika peke yake, na sijui kwa nini ni yeye aliyenifanya nishindwe kulala kuliko wale wote walioitika kwa wakati.

Mwisho wa mwezi nilikwenda kwa mkuu wa kituo na funguo za vifaa mkononi. Nikamwomba yule mwenye maneno mengi. Mkuu alicheka, akasema amekwisha kunisamehe kwa niaba ya mwenzangu huyo.

Jana tumeingia. Njia nzima ananisimulia harusi ya kaka yake, nami nashukuru, maana haachi nafasi. Tulipofika kwenye mti ulioanguka kazi ikatutenganisha, yeye upande wa mizizi, mimi upande wa matawi, na majani yakamficha. Akanyamaza, anahesabu. Kwa desturi anayeita kwanza ni mkubwa kazini, na mkubwa ni mimi. Nikapima tawi lile lile mara ya pili.

Akaita yeye. "Upo?"

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikabaki nimesimama na kamba ya kupimia mkononi, kwa sababu muda wote huu sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayeweza kuwa upande wa pili akingoja jibu langu mimi. Akaita tena, na safari hii sauti yake ilikuwa na woga.

Nikamwitikia, Shangazi. Nikamwambia nipo.

Mwanao,
Kindi